Uliza Sloti Kabla ya Gigabaiti

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, Kariakoo jijini Dar es Salaam kama Luthuli Avenue jijini Nairobi, sifa za mashine hutajwa kwa mkato: Core i5, RAM 8, SSD 256. Kati ya tarakimu hizo, ya RAM ndiyo inayoulizwa zaidi, ndiyo inayoahidiwa zaidi (“chukua tu, tutakuongezea”), na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Laptopu ikianza kuganda, jibu la ndugu, la jirani na la fundi ni moja: ongeza RAM. Mara nyingi ni jibu sahihi. Lakini wapo waliotoa fedha wakarudi nyumbani na mashine nzito vilevile, ama kwa sababu kilichoichelewesha hakikuwa RAM, ama kwa sababu kipande walichouziwa hakikuwa cha aina yake. Na siku hizi wapo wanaoambiwa kwamba mashine yao haiongezeki kabisa, hata waje na fedha kiasi gani.

Hao wa mwisho ndio wanaonishughulisha zaidi. Kwa miaka mingi RAM ilikuwa sehemu ya kompyuta ambayo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuikuza polepole: leo ananunua mashine yenye GB 4, mwakani anaongeza nne nyingine. Njia hiyo inazibwa, na wanunuzi wengi hawajui kuwa inazibwa mpaka wafike kwa fundi. Uzito wa jambo hili hauonekani bila kuelewa kwanza RAM inafanya nini, kwa hiyo tuanzie huko.

Kumbukumbu inayovuja

Kipande cha RAM cha GB 8 kina seli takriban bilioni 68.7, na kila seli inabeba biti moja tu, moja au sifuri. Seli yenyewe ina vitu viwili: transista inayofungua na kufunga njia, na kapasita inayoshika chaji kidogo ya umeme. Kapasita ikiwa na chaji, hiyo ni moja. Ikiwa tupu, ni sifuri. Wazo hili ni la Robert Dennard, mhandisi wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kabla ya hapo kompyuta nyingi zilitunza kumbukumbu katika vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya, mara nyingi kwa mikono. Mwaka 1970 Intel ikatoa chipu yake ya 1103 yenye biti 1,024. Leo chipu moja ya DDR5, kizazi kipya cha RAM, inaweza kubeba biti zaidi ya bilioni 16, na muundo wa msingi ni uleule wa Dennard.

Muundo huo una udhaifu mmoja mkubwa: kapasita inavuja. Chaji iliyomo ni elektroni makumi ya maelfu tu, na zikiachwa hutoroka. Kwa hiyo kila baada ya milisekunde 64 au pungufu kila safu ya seli husomwa na kuandikwa upya, hata kama mwenye kompyuta ameinuka kwenda kunywa chai. Joto la chipu likipita nyuzi 85, muda huo hukatwa nusu, kwa kuwa joto huongeza uvujaji. Baridi hufanya kinyume chake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM iliyopozwa sana hubaki na data kwa muda baada ya umeme kukatwa, kiasi cha mtu kuweza kuiba funguo za usimbaji zilizokuwa ndani yake.

Katika maisha ya kawaida, umeme ukikatika kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Yeyote aliyewahi kuandika ripoti kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, anaujua uvujaji huu hata kama hajawahi kusikia neno kapasita.

Kwa nini basi tumekubali kutegemea kumbukumbu inayovuja? Kwa sababu ya mwendo na bei kwa pamoja. Iko kumbukumbu ya haraka kuliko hiyo ndani ya prosesa yenyewe, lakini seli yake huhitaji kwa kawaida transista sita, kwa hiyo hula nafasi na fedha. Ndiyo maana hupimwa kwa megabaiti chache. Upande wa pili iko diski, kubwa na ya bei nafuu, lakini ya polepole mno. Upole huo ni mgumu kuuhisi kwa tarakimu. Kufuata kitu kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100. SSD ya SATA, yaani diski ya chipu isiyozunguka, huhitaji kama mikrosekunde 100. Diski ya kuzunguka ya laptopu, inayofanya mizunguko 5,400 kwa dakika, huhitaji zaidi ya milisekunde 10 ili kichwa chake kifike panapotakiwa na sahani izunguke hadi mahali pake. Sasa tunyooshe muda, ili safari ya kwenda RAM iwe sekunde moja kamili. Safari ya kwenda SSD itakuwa ya dakika 17 hivi. Safari ya kwenda diski ya kuzunguka itapita saa 27.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kuganda. RAM ikijaa, mfumo endeshi haukatai kazi mpya. Huchukua kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda, huzihamishia kwenye diski, na kuzipa programu nyingine nafasi yake. Mbinu hii ni ya zamani: kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa nayo mwaka 1962. Kwenye Windows, kurasa hizo hukaa katika faili liitwalo pagefile.sys. Unaporudi kwenye dirisha uliloliacha nusu saa iliyopita, kurasa zake hurejeshwa na nyingine hutolewa. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka, hapo ndipo kiteuzi kinapogeuka duara, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na mwenye mashine anabonyeza kitufe mara tano akidhani haijasikia.

Kwa hiyo mtu mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka, mwenye fedha ya kitu kimoja tu, kwa maoni yangu anunue SSD kwanza. RAM atakayoongeza itapunguza safari za kwenda diski, ila kila safari itakayobaki, pamoja na kuwasha mashine na kufungua programu kwa mara ya kwanza, itaendelea kuwa ya saa 27. SSD itazifupisha zote. Mwenye GB 8 na diski ya kuzunguka hana hata sababu ya kujiuliza. Mwenye SSD tayari na GB 4, huyo ndiye ambaye RAM itamfaa mara moja na ataiona tofauti siku hiyohiyo.

Kupima kabla ya kulipa

Kipimo hakihitaji fundi. Fanya kazi kama unavyofanya siku yoyote: fungua kivinjari na vichupo vyako vyote, hati zako, WhatsApp ya kompyuta, programu ya hesabu kama unayo. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Task Manager ingia Performance, halafu Memory. Tarakimu ya kwanza ya kutazama ni ile ya In use. Ya pili, ambayo wengi huiruka, ni Committed: jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa. Ikiwa una RAM ya GB 8 na Committed inasoma 12, mashine imeahidi zaidi ya ilichonacho. Hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa kuwa programu huomba zaidi ya zinachotumia. Lakini fungua pia Resource Monitor utazame safu ya Hard Faults kwenye ukurasa wa Memory. Ikiwa tarakimu zake zinabaki juu kwa mamia wakati unahama tu kati ya madirisha yaliyokwisha kufunguka, na diski nayo iko kwenye asilimia 100, umepata ushahidi wako. Ikiwa RAM imetumika nusu na mashine bado ni nzito, tafuta kwingine: diski inayokufa, vumbi kwenye feni linalofanya prosesa ijipunguze mwendo kwa joto, au programu kumi zinazojiwasha zenyewe asubuhi.

Kuna hofu moja isiyo na msingi ambayo ningependa iondoke. Watu huona RAM imetumika asilimia 70 na kompyuta haifanyi kitu kikubwa, wakadhani kuna ugonjwa. Mfumo endeshi hutumia nafasi iliyo wazi kutunza vitu ambavyo huenda ukavihitaji tena, na huachia nafasi hiyo mara programu inapoiomba. RAM iliyokaa tupu haina faida yoyote kwa aliyeinunua. Ndiyo maana zile programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha RAM, kwenye kompyuta na zaidi sana kwenye simu, zinatwanga maji kwenye kinu: zinafukuza vilivyokuwa tayari mkononi ili baada ya dakika mbili virudishwe kutoka kwenye hifadhi ya polepole. Na simu zinazouzwa kwa maandishi ya “8+8” zina RAM ya GB 8. Nane ya pili ni nafasi ya hifadhi iliyotengwa ipokee kurasa za ziada, jambo ambalo kompyuta zimefanya miaka yote bila kulihesabu kuwa RAM. Mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi dukani.

Kinachokula RAM nyingi leo kwa watu wengi ni kivinjari, na lawama zake si za haki zote. Mwanzoni mwa 2018 udhaifu wa prosesa uliopewa majina Meltdown na Spectre ulitangazwa, na ukaonyesha kwamba ukurasa mmoja wa wavuti ungeweza kuchungulia siri za mwingine ulio ndani ya mchakato mmoja. Mwaka huohuo Chrome ya kompyuta ikaanza kutenga kila tovuti katika mchakato wake. Google wenyewe walikadiria kuwa hatua hiyo iliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Sehemu ya uzito wa kivinjari ni gharama ya kulinda nenosiri la benki yako, na gharama hiyo inafaa kulipwa.

Basi kiasi gani kinatosha? Windows XP ya mwaka 2001 ilidai angalau MB 64. Windows 11 ya 2021 inadai angalau GB 4, yaani mara 64 zaidi, na hata hizo nne ni za kuwasha mashine na kufanya jambo moja moja. Kwa hati, barua pepe na kivinjari cha mtu mwenye kiasi, GB 8 zinafanya kazi. Kwa anayefungua vichupo thelathini huku akiwa kwenye mkutano wa video, kwa mwanafunzi wa programu, kwa mbunifu wa picha, 16 ndicho kiwango ambacho ningeshauri mtu yeyote anayenunua mashine ya kukaa nayo miaka minne. Thelathini na mbili ni za wahariri wa video na wanaoendesha mifumo kadhaa ndani ya mashine moja. Zaidi ya hapo, anayehitaji huwa anajua kwa nini anahitaji.

Sharti moja la kale bado linawanasa watu maofisini na mashuleni. Windows ya biti 32 hutaja anwani za kumbukumbu kwa tarakimu za biti 32, na anwani hizo ni 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Sehemu yake huchukuliwa na vifaa vingine, kwa hiyo mashine hubaki kuona GB 3 na kitu. Ukiiwekea RAM ya GB 8, nne na zaidi zitakaa bure mpaka usakinishe mfumo wa biti 64. Nenda kwenye Settings, System, About, usome aina ya mfumo kabla ya kutoa pochi.

Kipande kipi, kwenye mashine ipi

RAM za vizazi tofauti haziingiliani. DDR3 ilikuja 2007, DDR4 ikaanza kuingia sokoni 2014, na kiwango cha DDR5 kilichapishwa 2020. Kila kizazi kina pengo lake mahali pake kwenye ukingo wa kipande, na pini zake: kwa laptopu ni 204 kwa DDR3, 260 kwa DDR4, 262 kwa DDR5. Pengo hilo limewekwa makusudi ili kipande kisichofaa kisiingie. Kikikataa, usikilazimishe.

Tatizo liko pale ambapo kipande kinaingia na bado hakifai. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35, na umbo lao ni moja. Laptopu nyingi za Core i za kizazi cha nne zinataka DDR3L. Ukizipa DDR3 ya kawaida, nyingi hazitawaka au zitawaka na kuyumba. Angalia herufi L kwenye lebo: PC3L badala ya PC3. Mashine za kizazi hicho na vilivyotangulia pia hazikubali kipande kimoja cha DDR3 kinachozidi GB 8, kwa hiyo laptopu yenye sloti mbili inaishia 16 hata kama muuzaji ana kipande cha 16 mkononi. Kwa kompyuta za mezani mtego mkubwa ni RAM ya seva. Huuzwa kwa bei ya kuvutia, huingia kwenye sloti vizuri, na kompyuta ya kawaida haiwaki nayo, kwa sababu ina chipu ya ziada inayosimamia mawimbi ambayo mazabodi za kawaida hazielewani nayo. Ukiona herufi R baada ya tarakimu za kasi, kama PC4-2400T-R, iache.

Kuhusu kasi, watu hulipa zaidi ya wanachopata. Tarakimu ya 3200 kwenye DDR4 inaeleza idadi ya mapigo ya data, milioni 3,200 kwa sekunde. Zidisha kwa baiti 8 upate GB 25.6 kwa sekunde, ndiyo maana kipande hichohicho huitwa pia PC4-25600. Huo ni upana wa mfereji. Muda wa kusubiri tone la kwanza ni jambo jingine. DDR3-1600 ya CL11 (CL ni idadi ya mizunguko ya kusubiri) husubiri nanosekunde 13.75. DDR4-3200 ya CL22 husubiri nanosekunde 13.75. Kwa kizazi kizima mfereji umepanuka maradufu na kusubiri hakujapungua hata kidogo. Kwa kazi za ofisini, kutoka 2400 kwenda 3200 hutaona kitu. Na mazabodi isiyopita 2400 itaishusha hiyo 3200 hadi kiwango chake, kama ambavyo vipande viwili visivyolingana vitakimbia kwa mwendo wa kilicho polepole.

Kinachoonekana ni idadi ya vipande. Prosesa nyingi za kawaida zina njia mbili za kumbukumbu. Kipande kimoja cha GB 8 kinatumia njia moja. Viwili vya GB 4 vinatumia zote mbili, na upana unakuwa maradufu kwa kiasi kilekile cha RAM. Laptopu isiyo na kadi ya picha ya peke yake huchora kila kitu kwa kuazima RAM hiyohiyo, kwa hiyo michezo na uhariri wa video hunufaika waziwazi. Hata hivyo sishauri mtu atupe kipande kizuri cha 8 ili anunue viwili vinavyofanana. Nane na nne zikikaa pamoja, prosesa nyingi za Intel huunganisha nne za kila upande katika njia mbili, na nne zinazobaki huenda kwa njia moja. Ni mpango wa kutosha kabisa.

Kazi ya kuweka yenyewe ni fupi. Zima mashine kabisa, toa chaja, chomoa betri au waya wake, gusa chuma kitupu uondoe umeme tuli mwilini, ingiza kipande kwa mwinamo, kisha kilaze mpaka vishikio vyote viwili vifungike. Mashine isipowaka baada ya hapo, mara nyingi kipande hakikukaa vizuri au pini zake zina kutu. Mafundi huzisugua taratibu kwa kifutio cha penseli, na hufanya kazi.

Baada ya kuwaka, usiishie kutazama kama GB zimeongezeka. Acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha, hasa kwa RAM ya mtumba. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vilipata hitilafu katika mwaka mmoja, tena vikiwa na uwezo wa kujisahihisha ambao laptopu zetu hazina. RAM mbovu haijitangazi. Huharibu picha moja, hufunga programu leo na nyingine kesho, huleta skrini ya bluu siku ya mtihani, na kila mtu hulaumu Windows.

Sloti zinazoondoka

Laptopu nyingi tunazouziwa zilianza maisha yake katika kampuni na taasisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Huko hutumika miaka kadhaa, hubadilishwa kwa mkupuo, kisha husafirishwa, nyingi zikipitia Dubai. Kilichozifanya ziwe na maisha ya pili huku ni kwamba zilitengenezwa zifunguke. HP EliteBook 840 G3 ina sloti mbili za DDR4. Iliyokuja na GB 4 imeweza kufikishwa 16 na kuendelea kumhudumia mhasibu au mwanafunzi miaka mingine mitano.

Tazama sasa safari ya ThinkPad za daraja la T. T480 ya 2018 ilikuwa na sloti mbili. T490 iliyoifuata 2019 ilikuja na sehemu ya RAM iliyolehemiwa kwenye mazabodi na sloti moja tu. Ndugu yake mwembamba, T490s, hana sloti hata moja. Apple walitangulia: MacBook Pro ya Retina ya 2012 ililehemiwa RAM yote, na tangu prosesa ya M1 ya 2020 kumbukumbu imeungwa kwenye kifurushi kimoja na prosesa yenyewe.

Sababu za wahandisi ni za kweli na zinafaa kusikilizwa. Kumbukumbu ya LPDDR, ambayo kwa kawaida hulehemiwa, hula umeme kidogo, na betri inayodumu siku nzima ni jambo kubwa kwa mtu asiye na uhakika wa umeme. Nyaya fupi hupitisha mawimbi safi zaidi kwa kasi kubwa. Framework, kampuni ya Marekani iliyojengwa juu ya wazo la kompyuta zinazotengenezeka, ilitangaza kompyuta yake ya mezani mwaka 2025 ikiwa na RAM iliyolehemiwa, kwa kuwa prosesa ya AMD waliyoichagua haikuweza kufikia kasi yake kupitia sloti. Kampuni kama hiyo haiwezi kusingiziwa kwamba inaficha sloti ili iuze mashine mpya.

Ila sababu njema haibadilishi anayebeba matokeo. Mnamo 2020 ofisa ununuzi wa kampuni fulani ya Ulaya aliagiza laptopu mia tano zenye GB 8, kwa sababu wafanyakazi wake wangezitumia miaka mitatu na nane ziliwatosha. Uamuzi huo haukumgharimu chochote. Mashine hizo zikifika Morogoro au Kisumu, mwanafunzi anazikuta na nane zilezile, kwa miaka yote atakayokuwa nazo. Zamani maamuzi ya mmiliki wa kwanza yaliweza kurekebishwa na wa tatu kwa kipande kimoja cha RAM. Chipu iliyolehemiwa ikiharibika, jambo ni gumu zaidi: inahitaji fundi mwenye mashine ya hewa moto na mkono uliozoea, na mara nyingi bei anayotaja inakaribia ya laptopu nyingine.

Mambo yanaweza kugeuka, na dalili zipo. Kiwango cha CAMM2, kilichotokana na kazi ya wahandisi wa Dell na kuchapishwa na JEDEC, shirika la viwango vya kumbukumbu, Desemba 2023, kinaruhusu kumbukumbu ya LPDDR ikae kwenye bamba linalofungwa kwa skrubu na kufunguka. ThinkPad P1 ya 2024 ilikuja nayo. Kasoro yake ni kwamba bamba ni moja, kwa hiyo kuongeza maana yake ni kulibadilisha lote. Mwaka huohuo ThinkPad T14 ya toleo la tano ilirudi na sloti mbili, baada ya Lenovo kushirikiana na iFixit, watetezi wa haki ya kutengeneza vifaa. Sloti zilirudi kwa sababu kuna watu waliozidai, na sauti ya wanunuzi wetu, tunaozimiliki mashine hizi muda mrefu kuliko mmiliki wa kwanza, haimo bado katika madai hayo.

Bei nayo ni suala lisilo mikononi mwetu. Sehemu kubwa mno ya RAM duniani hutoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Soko la wachache namna hii limewahi kuchezewa. Mwaka 2005 Samsung walikiri mbele ya mahakama ya Marekani kupanga bei za RAM pamoja na washindani kati ya 1999 na 2002, wakatozwa faini ya dola milioni 300; Hynix walitozwa milioni 185, Infineon milioni 160. Shinikizo la leo linatoka kwingine. Kila kichapuzi cha akili unde aina ya H100 cha Nvidia hubeba GB 80 za kumbukumbu ya daraja la juu, H200 hubeba 141, na vituo vya data hununua kwa maelfu. Viwanda vimeelekeza mitambo huko, na kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM za kawaida zikapanda kwa kasi. Desemba mwaka huo Micron walitangaza kuwa wanaachana na Crucial, jina ambalo wanunuzi wa rejareja walilitegemea kwa miongo.

Hali hii inaongeza thamani ya DDR4 ya mtumba iliyotolewa kwenye mashine zilizokufa, na inamfanya anayenunua laptopu leo apime mambo mawili kwa pamoja: RAM iliyomo na nafasi iliyobaki. Dukani, fungua Task Manager kabla ya kulipa. Chini ya Memory soma Slots used: “1 of 2” ni habari njema, lakini soma pia Form factor. Ikisema SODIMM, kipande kinatoka. Ikisema Row of chips, imelehemiwa, na hesabu ya sloti hapo juu isikudanganye. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini mbele yako. Anayekataa anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Angalia pia kizazi cha prosesa, maana RAM hairefushi uhai wa kila kitu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa prosesa chache, kizazi cha nane na kuendelea. Ile 840 G3 niliyoisifu ni ya kizazi cha sita; anayeichukua leo awe tayari kuweka mfumo endeshi wa Linux, ambayo kwenye GB 8 itamfaa vizuri.

Kwa hiyo mezani zikiwekwa laptopu mbili kwa bei moja, EliteBook 840 G5 nene kidogo yenye kipande kimoja cha GB 8 na sloti moja wazi, na ThinkPad X1 Carbon yenye prosesa ya kizazi hichohicho, nyepesi, ya kupendeza, yenye GB 8 zilizolehemiwa, mwanafunzi anayeanza chuo achukue ya kwanza na aweke akiba ya kipande cha pili mwakani. X1 Carbon ninampendekezea mtu mmoja tu: anayesafiri nayo kila siku, na ambaye ameipata ikiwa tayari na GB 16.